Kutoka Goma Hadi Kwenye Theluji ya Ruwenzori: Tupite Njia Ipi?

Mara nyingine, baada ya mvua kubwa ya usiku, watu wa Goma huamka wakauona mlima Karisimbi umevaa kofia nyeupe. Watoto wanaokwenda ziwani kuchota maji husimama na madumu yao, wakapiga kelele: "Theluji! Theluji!" Ifikapo saa nne jua limekuwa kali, kofia imekwisha kuyeyuka, na mlima umerudia weusi wake. Wengi wetu hatukupata kuijua theluji zaidi ya hiyo.

Asubuhi moja ya namna hiyo walinijia vijana watatu wa mtaa wetu, wavulana wawili na msichana mmoja. Wamekwisha kufaulu mtihani wa Serikali. Kwa muda wa miaka miwili wameweka akiba, huyu kwa kuuza vocha za simu, yule kwa kufundisha watoto wadogo jioni, na msichana kwa kushona. Nia yao ni kwenda kuigusa theluji ya kweli, ile isiyoondoka saa nne. "Mzee," wakaniambia, "ramani tunayo, na fedha kidogo tunazo. Tupite njia ipi?"

Swali lao nimeliwaza siku nyingi, nami naona laweza kuwafaa wasomaji wengine pia, hata wale wasio na nia ya kupanda mlima wowote.

Huko Ulaya, katika milima ya Alpi, swali hilo huulizwa kila mwaka kabla ya majira ya baridi. Watu hufunga mbao mbili ndefu miguuni na kuteleza juu ya theluji kutoka juu hadi chini. Mchezo huo huitwa ski. Jamaa wa Uswisi hukaa mezani wakabishana: twende kwa treni au kwa motokaa yetu? Mji wa Zermatt, kwa mfano, hauruhusu motokaa za wageni kuingia. Huna budi kuiacha gari yako chini bondeni, katika kijiji cha Täsch, umalizie kwa treni. Na mahali paitwapo Jungfraujoch, penye urefu wa mita 3,454, treni imekuwa ikipanda tangu mwaka 1912. Linganisheni na Nyiragongo yetu, yenye mita 3,470. Vimo vyakaribia kuwa sawa. Ila wao hufika juu wameketi, na sisi twafika tukitambaa juu ya mawe ya moto uliopoa. Mtu wa Uswisi akichagua njia vibaya, huenda akachelewa chakula cha jioni. Kwetu sisi hesabu ni nyingine.

Yafaa niwaambie mapema kwamba ski hawataipata huko waendako. Barafu ya Ruwenzori ina nyufa na magenge, wala hakuna uwanda wa kuteleza. Atakaye mchezo huo katika Afrika aende Lesotho, au Oukaïmeden huko Moroko. Mkenya Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji wa mbio za kawaida, alikwenda kujifunzia Finland, akashindana katika Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alifika wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Lakini vijana wangu hawataki kuteleza. Wataka kugusa tu.

Basi theluji ya kweli iliyo karibu na Goma iko kaskazini, juu ya Ruwenzori, mpakani mwa Kongo na Uganda. Kilele chake kikuu, Margherita, katika mlima Stanley, kina mita 5,109. Katika Afrika kinapitwa na Kilimanjaro na mlima Kenya tu, nacho kinaushinda hata Mont Blanc wa Alpi. Wanafunzi wataniuliza: imekuwaje kuwe na barafu karibu kabisa na ikweta? Fanyeni hesabu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi. Siku ambayo Goma ina digrii 20, kilele kilicho juu yake kwa mita 3,600 kitakuwa chini ya sifuri kidogo. Wanande na Wakonzo, ambao ni watu wa lugha moja waliogawanywa na mlima na mpaka, wana neno lao la theluji: nzururu.

Tukipima kwa mstari wa ndege, kutoka Goma hadi Margherita ni kilomita kama 240 tu. Lakini sisi si ndege, na kati yetu na mlima ule kuna mambo mengi kuliko kilomita.

Njia ya kwanza ndiyo njia ya nyumbani: barabara kuu ya Goma kwenda Rutshuru, Kanyabayonga, Lubero, Butembo na Beni, kisha Mutwanga, miguuni pa mlima upande wa Kongo. Ni kilomita kama 400. Mmoja wa wale wavulana ni Mnande, na nyanya yake, mama wa baba yake, anakaa Mutwanga. Hajamwona kwa miaka mingi. Kwake yeye safari hii ina mambo mawili: theluji, na nyanya. Nilipoanza kuitaja njia hii niliona macho yake yakimeta, nikaona uzito kusema niliyopaswa kuyasema.

Njia ile ni nzuri kuipita kwa macho. Barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza ya namna yake katika Afrika. Kisha inapanda ngome ya Kabasha hata Kanyabayonga, na ukigeuka unaliona bonde lote la Rwindi limelala chini yako. Wazee waliokuwa madereva wa malori huisimulia mpaka leo: kabichi, vitunguu na viazi vya Lubero vikishuka Goma, sabuni, nguo na chumvi zikipanda. Lakini mwezi Juni 2022 vita vilifika Bunagana, mwezi Oktoba mwaka ule ule vikafika Rutshuru, na katikati ya 2024 Kanyabayonga. Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma wenyewe ulitekwa na M23. Tena, tangu mwaka 2014, watu wengi mno wameuawa katika vijiji vya Beni kwa mapanga na risasi za kundi la ADF, na nchi ya Mutwanga haikusalimika. Walinzi wa hifadhi nao wameuawa kazini. Mwezi Aprili 2020 walikufa 12 kwa siku moja karibu na Rumangabo.

Nilimwambia kijana: "Mwanangu, siwezi kukushauri njia hiyo." Akanyamaza. Kisha akauliza: "Na ndege je?"

Zamani ndege ndogo zilitoka Goma zikashuka Beni au Butembo kwa muda mfupi, na wafanya biashara walizipenda. Lakini vita vilipofika Goma, uwanja wetu ulifungwa. Basi atakaye kuruka huanzia Kigali kwenda Entebbe, na kutoka huko amebakiwa na barabara ya siku nzima, kuvuka Uganda mashariki hadi magharibi, ili afike Kasese. Ameruka, akashuka mbali na mlima, kisha akarudi nyuma kwa basi. Fedha ya tikiti hiyo yatosha kuwalipa wapagazi. Wala asidhani mtu kwamba atapanda treni Kampala kwenda Kasese, kama vitabu vya zamani vinavyosema. Reli ile ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, lakini siku hizi haichukui abiria.

Yabaki njia ya kuzunguka: Rwanda na Uganda. Unavuka kwa miguu Barieri Ndogo au Barieri Kubwa na kuingia Gisenyi. Kutoka hapo hadi Musanze, mji ambao wazee huuita Ruhengeri, ni kilomita kama 60. Kutoka Musanze hadi mpaka wa Cyanika kama 25. Ng'ambo yake ni Kisoro. Kutoka Kisoro barabara ya lami yapanda na kupinda hata Kabale, kilomita kama 80. Pale juu Kanaba mwombe dereva asimame kidogo. Utaiona Muhavura, Gahinga na Sabinyo zimepangwa mstari mmoja. Kisha Kabale hadi Mbarara, kilomita kama 140, na Mbarara hadi Kasese kupitia Ishaka, kama 150. Unavuka daraja la Katunguru, ambapo viboko hukaa majini chini yako, halafu unavuka ikweta yenyewe, na mara milima inasimama mbele, ikiwa mawingu yamependa kuondoka.

Sasa jumlisheni, kama nilivyowajumlishia wale vijana kwenye kipande cha karatasi. Ni karibu kilomita 470. Hiyo njia ya kuzunguka, inayokatiza nchi tatu, haizidi njia ya nyumbani ila kwa kilomita 70 hivi! Vijana hawakuamini, wakaipima tena ramani kwa uzi. Ramani ilikuwa imewadanganya, maana jicho hupenda kutazama Kongo kama kitu kimoja na nchi nyingine kama ng'ambo. Na barabara ile yote ni lami. Siku ya kwanza lala Kabale, ya pili lala Kasese.

Lakini njia ya kuzunguka ina masharti yake madogo madogo, na hayo ndiyo yanayowaangusha wasafiri. Cheti kinachokufikisha Gisenyi sokoni si lazima kikufikishe Kasese. Ulizeni ofisi ya uhamiaji kwa mdomo wenu wenyewe, wala msitegemee habari za kituo cha pikipiki. Dola zilizopasuka kidogo, au zenye wino, zitakataliwa Uganda kama zinavyokataliwa kwetu. Ukipita Cyanika, saa yako isogeze mbele saa moja, la sivyo basi la Kabale litaondoka huku wewe ukinywa chai. Tena huko motokaa hupita upande wa kushoto. Mtoto wa Goma amezoea kutazama kwanza mkono wa kushoto kabla ya kuvuka barabara. Akifanya hivyo Kisoro, gari litamjia kutoka kuume. Nalisema hili kwa mkazo, maana ndilo lisiloandikwa katika karatasi yoyote ya safari.

Wala sisemi kwamba upande wa Uganda hauna hatari. Hifadhi ya Ruwenzori ilifungwa tangu 1997 hadi 2001 kwa sababu ya ADF hao hao, na usiku wa 16 Juni 2023 wanafunzi waliuawa shuleni mwao Mpondwe, mpakani, wakiwa bwenini. Kabla ya kuondoka Kabale piga simu Kasese, uliza habari za siku ile.

Mkiwa Kasese, hamjafika bado. Sasa ndiyo inaanza njia ya pili, ya miguu, na hiyo nayo ni ya kuchaguliwa. Vijana walidhani kwamba mlima ni mlima. Sivyo.

Mzungu wa kwanza kuupanda kwa kimo kikubwa, Mjerumani Franz Stuhlmann, aliujia kutoka magharibi mwaka 1891, kwa bonde la Butawu lililo upande wa Mutwanga, akaishia kwenye mita 4,000 hivi. Mwaka 1906 alikuja Mwitalia, Mtawala wa Abruzzi. Huyu alishuka melini Mombasa, akapanda reli hadi ziwa Nyanza, akavuka kwa meli hadi Entebbe, kisha akaenda kwa miguu na mamia ya wapagazi hadi Fort Portal na bonde la Mubuku. Tarehe 18 Juni 1906 alisimama juu ya kilele, akakiita kwa jina la malkia wa Italia. Kama mnavyoona, yeye naye alizunguka.

Bonde lake la Mubuku ndilo njia ya kawaida hata leo, kuanzia Nyakalengija. Mtu hulala Nyabitaba, kisha John Matte, kisha Bujuku, halafu kibanda cha Elena kwenye mita 4,541, na kutoka huko huamka usiku kukiendea kilele. Mzunguko wote ni siku 7 au 8, na matope ya vinamasi vya Bigo yanafika magotini. Njia nyingine huanzia Kilembe, nje kidogo ya Kasese, nayo ni siku 8 au zaidi. Inapanda polepole, kwa vituo vya Sine, Mutinda na Bugata. Upande wa Kongo, kutoka Mutwanga, ni siku 5 au 6 tu: Kalonge, Mahangu, Kiondo, halafu barafu. Matope ni machache, lakini ni mwinamo mtupu.

Kijana anayehesabu fedha atasema mara moja: siku chache, gharama chache. Kila siku mlimani ni ada ya hifadhi, ujira wa kiongozi, ujira wa wapagazi, na chakula cha wote. Tena bila kiongozi huruhusiwi kupanda. Hesabu hiyo ni sawa kwa mfuko, lakini mwili una hesabu yake. Mtu akipanda upesi kupita mita 2,500, hewa ikiwa nyembamba, kichwa huuma, chakula hakipendezi, usingizi hauji. Akizidi kupanda, huenda maji yakajaa mapafuni au ubongo ukavimba. Utamwona anahema hali ameketi, anakohoa, anayumba kama mlevi. Hapo dawa ni moja, kumshusha mara moja, hata kama ni usiku, hata kama kilele kimebaki saa mbili. Waganga hushauri kwamba, ukisha kupita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kila usiku.

Mimi mwenyewe nilijifunza haya kwa aibu. Wakati Nyiragongo ilipokuwa wazi kwa wageni, niliipanda kutoka Kibati kwa siku moja, kwa viatu vya kwendea ofisini na koti la mvua la kuazima. Nilijiona mtu wa Goma, mwenyeji wa milima. Jioni ile, ukingoni mwa shimo la moto, nililala nikiwa nimeshika kichwa kwa mikono miwili, na mwekundu mzuri wa ule moto sikuutazama hata kidogo. Msichana mmoja mwanafunzi, aliyekuja polepole nyuma yetu wote, ndiye aliyekula wali wangu.

Kwa hiyo nimewashauri Kilembe. Inaongeza siku, na siku zinaongeza gharama. Lakini heri kungoja miezi sita akiba iongezeke, kuliko kununua mlima nusu. Wakati wenyewe uwe Januari au Februari, au tangu katikati ya Juni hadi katikati ya Agosti, ambapo mvua hupungua. Sisemi kwamba hukoma; mlima ule haujui kukoma.

Msichana ndiye aliyeniuliza swali gumu kuliko yote. "Mzee, tukingoja, je, tutaikuta?"

Sikutaka kumficha. Mwaka 1906 milima sita ya Ruwenzori ilikuwa na barafu, nayo ilienea kilomita za mraba kama 6.5. Mitatu kati ya hiyo, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, ilikwisha kuipoteza yote zamani. Mwaka 2003 wataalamu walipopima, barafu yote iliyosalia haikufika kilomita moja ya mraba, na tangu hapo imezidi kupungua, kwa kuwa dunia inapata joto. Kiongozi aliyewachukua wageni zamani sasa hupita juu ya mwamba mtupu mahali alipokuwa akikata ngazi kwa shoka. Miezi sita mnaweza kungoja, nilimwambia. Miaka ishirini, sidhani. Naye akaandika jambo fulani katika daftari lake, sijui ni nini.

Likabaki jambo la nyanya. Yule kijana wa Mutwanga hakulitaja tena, lakini aliendelea kuitazama ramani hata wenzake walipokuwa wamesimama kwenda. Ndipo nikamwonyesha kidole Mpondwe. Kutoka Kasese hadi mpaka ule ni kilomita kama 55, na ng'ambo ya mto Lubiriha ni Kasindi, kwenye barabara ya Beni, mahali ambapo wanawake wa pande zote mbili huvuka na vikapu vyao kwenda sokoni. Kijana hana haja ya kwenda Mutwanga. Ikiwa siku hizo barabara ya Kasindi ni tulivu, mwanamke mzee anayeijua nchi ile aweza kuja na jirani zake, kama afanyavyo kila mara akiwa na kahawa au ndizi za kuuza.

Juzi alinijia peke yake. Amekwisha kumpigia simu. Nyanya amekubali kuja daraja la Lubiriha siku ya soko, wakiisha kushuka mlimani, ila ameagiza aletewe kidogo ile nzururu ndani ya chupa. Wamepatana saa nne asubuhi. Nikamwuliza, "Saa nne ya Kongo, au ya Uganda?" Akashika kichwa, akatoka nje mbio kumpigia tena.